Mtoto wa Benchi

Mwanangu alifikia umri wa kutambaa bila kujua sakafu inafananaje, na mimi mama yake nilikuwa natembea kifua mbele kwa jambo hilo hilo.

Kazi yangu ni ususi. Saluni yetu ni chumba kimoja chenye vioo viwili, stuli mbili, draya iliyokufa ambayo inamsubiri fundi tangu kabla sijaajiriwa, na benchi refu lililobanwa ukutani. Wateja hukaa kwenye benchi hilo kungoja zamu. Stuli ikibaki wazi, mwenye saluni, ambaye sote tunamwita Madamu, husema neno moja bila kugeuza shingo: "Sogeeni." Wa kwanza ananyanyuka kwenda kukaa kwenye stuli, na waliobaki wanasogea mbele kwa makalio, tako moja, tako la pili, mkoba unafuata nyuma. Hakuna anayesimama, maana ukisimama nafasi yako inaliwa.

Sakafu ya saluni si ya kuweka mtoto. Kuna vipande vya rasta, kuna vibanio, kuna matone ya maji ya moto tunayochovyea ncha za nywele. Kwa hiyo tangu aanze kukaa kitako, binti yangu aliishi kwenye benchi, leo kwenye mapaja ya huyu, kesho ya yule. Mteja akiingia, kabla hajauliza bei anauliza, "Yuko wapi mkubwa?" Anapewa. Zamu yake ikifika, anampitisha kwa jirani. Na mtoto halii. Anamtazama kila anayempakata kwa macho makavu, kidevu juu, kama mtu anayesikiliza kesi na haamini hata neno moja. Ndipo wakamwita Hakimu, na jina likamganda.

Mimi shule niliishia ya msingi, lakini kuangalia najua. Ukishinda umesimama nyuma ya vichwa vya watu, unajifunza. Namjua mteja anayeumia na anaona haya kusema. Namjua aliyegombana na mume asubuhi. Sasa fikiria jicho hilo limepewa mtoto wake mwenyewe. Hakimu akikitupia macho kitana chekundu, kitana kimeshafika mkononi mwake. Akigeuza uso kidogo upande wa kikombe, maji yameshafika mdomoni. Hakuwahi kunyoosha mkono akabaki ameunyoosha. Kama wangekuwa wanatoa zawadi kwa mama anayeona, ningekwenda kuipokea nimevaa viatu virefu.

Hata mambo yake ya ndani niliyajua. Wakati mwingine alikaa mwenyewe kwenye benchi, katikati ya wateja wawili, na ghafla nikamwona anaegemea upande mmoja, ananyanyua tako, uso umekaza. Pale pale naacha kichwa cha mteja. "Huyo amejichafua." Namnyakua, nampeleka nyuma ya pazia, nafungua nepi. Mara nyingi ilikuwa safi kama ilivyotoka kwenye kamba. Nikawa najisemea, ona, nimemwahi.

Basi mama mkwe wangu akaja kututembelea nyumbani. Mume wangu ni dereva wa lori, na wiki ile alikuwa safarini, kwa hiyo ugeni ulinikuta peke yangu. Bibi alimbeba mjukuu wake, akambusu, akamtania kidogo, kisha akafanya jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya. Akamweka chini, katikati ya chumba. Akarudi nyuma hatua chache, akavua bangili yake na kuitikisa.

"Mke mwenzangu, njoo. Njoo uichukue."

Hakimu akabaki pale alipowekwa. Akaitazama bangili. Halafu akageuka kunitazama mimi. Na mimi, kwa mazoea, nikanyanyuka, nikaichukua bangili mkononi mwa mama mkwe na kumpelekea.

Mama mkwe alitutazama wote wawili kwa zamu.

"Huyu hatambai?"

"Bado, Mama. Ni mtulivu."

"Mtulivu. Hata gunia la unga ni tulivu." Akakaa. "Wangu mimi, umri huu nilikuwa nawatoa chini ya kitanda kwa ufagio. Huyu anakaa kama anasubiri chai."

Nikacheka peke yangu.

"Sikulaumu, mwanangu," akasema, na nikajua lawama inafuata. "Una kazi. Lakini mtoto hakui juu ya benchi. Nitaondoka naye. Kwangu kuna uwanja, kuna kuku wa kufukuza. Akishatembea mtakuja kumchukua."

Hiyo "akishatembea" niliielewa vizuri. Mtoto wa wifi yangu alichukuliwa mpaka aache kunyonya. Sasa ananyoa ndevu na bado yuko kule.

Nikampigia simu mume wangu. Nilisikia injini ikinguruma, kisha ikazimwa, maana yake amelichukulia jambo kwa uzito.

"Mama hajakosea sana," akasema.

"Hajakosea sana ni kiasi gani?"

"Sasa wewe. Mimi nataka mtoto wangu awe hapo nikirudi. Lakini kama ana tatizo na sisi tumekaa tu? Siku ya kliniki si imekaribia? Nesi aseme. Akisema mtoto amechelewa, aende na bibi yake. Akisema yuko sawa, abaki."

Mama mkwe akakubali. Mimi pia nikakubali, kwa sababu nilikuwa na mpango. Mtu akisikia mimi nina mpango, bora akae mbali.

Kliniki kuna bango ukutani ambalo nimelitazama mpaka nimelikariri: mtoto amelala, mtoto amekaa, mtoto anatambaa, mtoto amesimama dede, mtoto anatembea. Wamepangwa kama ngazi. Hakimu alikuwa ameridhika na ngazi ya pili, kama mpangaji aliyepata chumba chenye maji na umeme. Nikaamua kumpandisha. Na kwa kuwa mimi ndiye bingwa wa kuangalia, nikaona na yeye atajifunza kwa kuangalia.

Jioni wateja walipopungua, nilifagia katikati ya saluni, nikatandika pazia la zamani, nikamweka Hakimu. Kisha nikapiga magoti mbele yake nikaanza kutambaa. Nilizunguka stuli. Nilipita chini ya sinki. Nilirudi kinyumenyume ili aone na upande wa pili unavyofanya kazi. Nikisimama kupumua, Hakimu anapiga makofi ili niendelee.

Wateja wa benchini hawakuniacha.

"Ongeza mwendo, mama, jua linazama."

"Mwacheni, anatafuta hereni."

"Hereni gani, si mnaona anakula majani?"

Mwanamume mmoja alikuja kumchukua mkewe, akanikuta kichwa kiko chini ya sinki. "Kumbe fundi bomba amefika," akasema. Nikajibu ndiyo, maana maelezo yangekuwa marefu kuliko uongo.

Nilifanya hivyo kila jioni. Magoti yakawa meusi kama sufuria ya kuni. Mume wangu alipopiga simu akauliza, "Mbona unahema?"

"Natambaa."

"Na mtoto?"

"Ananitazama."

Madamu ndiye aliyesema wazi. Alikuwa anamsuka mtu, hakugeuka. "Hapa kuna mtu mmoja anajifunza kutambaa kwa bidii sana, ila si mtoto."

"Sasa nifanye nini, Madamu?"

"Acha kumpa. Unampa kabla hajataka. Aende wapi, kila kitu kinamfuata alipo? Mimi nikipata wa kunihudumia hivyo, hata chooni siendi."

Maneno hayo yalinikera, kwa hiyo nikajua ni ya kweli. Nikachukua kitana chekundu, kipenzi chake, nikakiweka mwisho wa pazia. Nikakaa chini, nikaikalia mikono yangu mwenyewe. Hakimu akakitazama kitana. Akanitazama mimi. Akakitazama kitana tena. Uso wake haukuwa wa kulia. Ulikuwa uso wa mteja aliyekwishalipa na huduma imechelewa. Nilivumilia. Nikaangalia dari. Niliporudisha macho bado ananitazama, bila hasira, ananipa nafasi ya kujirekebisha.

Nikampa.

Madamu alinichapa na taulo. "Mbona wewe ndiye mgonjwa."

Siku ya kliniki, mama mkwe aliamka mapema kuliko wote, na nilipotoka kuoga nikakuta mfuko wake wa mikono miwili mlangoni. Ndani alikuwa amepanga nguo za Hakimu zote, hata soksi isiyo na mwenzake. Tulikwenda tumeongozana, yeye na mfuko, mimi na mtoto, kama tunasindikizana na hatujui nani anasindikizwa.

Kliniki nako kuna benchi, lipo kwenye korido nje ya chumba cha nesi. Tulikaa mwishoni. Watoto wa wenzangu walikuwa kila mahali. Mmoja wa rika la Hakimu alipita mbele yetu kwa magoti, mwendo wa panya, mdomoni ana kiatu cha mtu. Mama yake akamkimbilia akilalamika, "Huyu ananimaliza jamani," kwa ile sauti ya kulalamika ambayo ni majivuno matupu. Mama mkwe akamtazama mtoto yule, kisha akamtazama Hakimu, kisha akaurekebisha mfuko miguuni mwake.

Zamu yetu ikafika. Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni. Alimpima uzito, akamkunja miguu, akaikunjua, akambonyeza mgongo, akamsimamisha kidogo mezani. Hakimu akamtazama kwa kidevu juu.

"Anatambaa?"

"Ananitazama nikitambaa," nikasema. Ndivyo jibu lilivyotoka.

Nesi akavaa miwani ili anione vizuri. Kisha akamweka Hakimu chini kwenye mkeka, akaweka kikopo chenye punje za mahindi ndani mbali kidogo, akakitikisa. "Mama, kaa pale. Usimwite, usimsaidie."

Nikakaa karibu na mlango uliokuwa wazi, nikaikalia mikono. Kikopo kilikuwa kizuri, kinang'aa. Hakimu akakitazama. Akageuza kichwa kunitafuta. Nikaangalia kalenda ukutani, mwezi wenyewe ulikuwa umeshapita. Nikamsikia mama mkwe akipumua kwa pua. Nesi akasubiri, akasubiri tena, kisha akachukua kalamu. Nikaitazama kalamu ile ikishuka kwenye kadi ya mtoto, na kichwani niliona kamba yetu ya nguo haina hata nepi moja.

Huko nje kwenye korido, mhudumu wa mapokezi akasema kwa sauti, "Sogeeni, sogeeni, benchi limejaa."

Benchi likalia. Makalio yote ya korido yakasogea.

Na kwenye mkeka, Hakimu akaegemea upande mmoja, uso umekaza, akanyanyua tako.

Nikaruka. "Samahani, nesi, huyo amejichafua, ngoja nim—"

"Kaa chini."

"Namjua, nesi, akifanya hivyo..."

"Mama, kaa."

Nikakaa. Hakimu akashusha tako, akanyanyua la pili. Akasogea. Tena moja, tena la pili, mkono mmoja chini kama kasia, mgongo umenyooka, macho mbele, bila haraka, kama mtu aliyekuja asubuhi na hataki kuliwa nafasi. Akavuka mkeka. Akafika kwenye kikopo, akakichukua, akakiweka kwenye mapaja kama mkoba, akaendelea kusota kuelekea mlangoni. Alikuwa anakwenda kupanga foleni.

Nesi alicheka mpaka miwani ikadondoka, ikabaki inacheza kwenye kamba yake.

"Nani amemfundisha hivi?"

Nilikuwa nakumbuka nepi zote zile safi. Kila mara mtoto alipoanza safari, mimi ndiye niliyemkamata njiani na kumpeleka nyuma ya pazia kumvua nguo. Na kujisifu nimemwahi.

"Huyu miguu iko sawa, mgongo uko sawa," nesi akasema. "Wapo wanaosota badala ya kutambaa, kisha wanasimama kama wengine. Nitaendelea kumtazama kila mkija. Anachotaka ni sakafu, sehemu safi isiyo na vitu vya hatari, na watu wa kumwacha ahangaike kidogo." Hapo mwishoni alinitazama mimi.

Tulipotoka nilidhani yamekwisha. Mama mkwe akaubeba mfuko wake.

"Nimemsikia nesi," akasema. "Kasema sakafu. Kwangu kuna sakafu na uwanja. Kwako kuna nywele na maji ya moto."

"Mama, tulikubaliana. Nesi kasema yuko sawa."

"Kasema yuko sawa akipata sakafu. Unayo?"

Saluni, ninakoshinda naye, sikuwa nayo. Nikamwambia, "Twende kazini kwangu."

Saluni ilikuwa imejaa. Nikampa Madamu mtoto, nikaenda kwenye kona ya ile draya iliyokufa, nikaikumbatia kama mcheza mieleka na kuiburuza mpaka uani. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na njiani ilinibana kidole. Nikafagia kona, nikapiga deki, nikafuta tena, nikatandika mkeka, nikaziba upande wa wateja kwa kreti za soda, nikaacha upenyo mmoja tu karibu na benchi. Chupa ya maji ya moto nikaipandisha kwenye rafu ya juu kabisa. Madamu alinitazama muda wote, shingo haijageuka, kupitia kioo.

"Draya yangu," akasema.

"Imekufa, Madamu."

"Ilikuwa inapumzika." Lakini akamleta mtoto mwenyewe na kumweka kwenye mkeka. "Na wewe, Mama," akamwambia mama mkwe, "hutoki hapa na kichwa hicho. Kaa benchini, tutakusuka kabla ya safari."

Mama mkwe akakaa, mfuko miguuni, pembeni ya mkeka. Nikakaa naye. Mbele yetu alikuwa amebaki mteja mmoja.

"Kona sawa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Na wewe je? Utamwacha? Hujui kumwacha, mwanangu. Nimekuona."

"Nitajifunza."

"Kwa kutambaa?"

Kumbe hata hilo alikuwa ameshalisikia.

Hapo hapo Hakimu akaanza safari. Kona nzima ilikuwa yake, na kitana chekundu nilikuwa nimekiweka mbele yake, lakini alichokitaka ni mfuko wa bibi yake. Akasota, akafika. Akaingiza mkono, akavuta gauni, akalitazama, akalitupa. Akavuta lingine. Zikaja suruali, zikaja nepi, ikaja kofia ambayo hajawahi kukubali kuivaa. Soksi moja aliionja kwanza.

Mama mkwe akainama kuokoa. "Nguo nilizozikunja asubuhi—"

"Mama," nikasema. "Mwache."

Akanitazama usoni, kisha akateremsha macho. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia yote miwili, na kile kidole kilichobanwa na draya kilikuwa kinauma kweli kweli. Akakaa hivyo kidogo, ameinama. Kisha akanyooka, na taratibu, kama anayejaribu kiti kipya, akaikalia mikono yake na yeye.

Tukawa tunatazama. Nguo zilitoka hadi ya mwisho. Hakimu akaingiza kichwa ndani ya mfuko, akahakikisha, akakitoa. Kisha akausukuma mfuko mtupu mpaka miguuni mwa bibi yake, akamtazama, kidevu juu.

"Haya," mama mkwe akasema. "Nimesomewa hukumu." Akauokota mfuko, akaukunja mara mbili na kuuweka kwapani. "Lakini nitakuja tena. Na nikimkuta benchini, sitauliza nesi."

"Ndiyo, Mama."

Akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe, mke mwenzangu, siku ukija kwangu kuku watakusogeza vizuri."

Stuli ikabaki wazi. Madamu, bila kugeuza shingo, akasema, "Sogeeni."

Tukasogea, mimi na mama mkwe, tako moja, tako la pili. Tulipotazama mbele, Hakimu alikuwa ameshafika kwenye stuli.